Mwanangu wa chuo kanificha bumu na sapu. Nimkatie hela?

Dada mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi kule Igombe. Mtoto wetu wa kwanza yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja Dodoma, anasoma uhasibu. Ni wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka kidato cha sita, kwa hiyo chuo chake kimekuwa cha watu wengi. Baba yake mdogo alitoa ng'ombe wawili wauzwe tulipokuwa tunatafuta hela ya kuanzia. Shangazi yake alinunua godoro na begi. Huyo baba mdogo ndiye aliyemchagulia na kozi, kwa sababu ofisini anakolinda anaona wahasibu wanavyoishi.

Kijana ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, ila hakupewa asilimia mia. Ada iliyobaki tunalipa sisi. Zaidi ya hapo, kila tukiongea ananiambia bumu, ile hela ya kujikimu inayotoka Bodi, halijatoka, hana hela ya kula. Sasa mimi nitaweka tonge mdomoni vipi mwanangu hajala? Namtumia laki moja, mara laki na nusu, hata siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi haiendi ziwani na mimi mwenyewe natoa kwenye mtaji. Mwezi uliopita mama mwenzangu wa hapa sokoni, ambaye binti yake yuko chuo hicho hicho, akaniambia bumu limetoka wiki tatu nyuma. Nikambishia. Kumbe ni kweli.

Haijapita wiki ikaingia meseji kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua: mwanao amekopa, wewe ni mdhamini wake, asipolipa leo tunasambaza picha yake. Meseji kama hiyo akaipata shangazi yake, na mchungaji wetu pia. Nilifunga meza mapema siku hiyo. Nilipompigia kijana alilia. Akakiri kwamba amekopa kwenye programu tatu za simu na deni limefika kama laki nne na nusu. Akasema pia mwaka jana alipata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, mojawapo ni somo la hesabu za gharama, ndiyo maana likizo hakurudi nyumbani. Sisi alikuwa ametuambia yuko fildi, mafunzo kwa vitendo. Na kwamba uhasibu haumwingii, angependa kuhamia kozi ya mambo ya kompyuta.

Baba mdogo amesema isitumwe hata shilingi, arudi tumnunulie bodaboda. Mume wangu hasemi kitu, anatoka asubuhi anarudi usiku. Mimi nimeshaanza kuulizia kwenye kikoba kama naweza kukopa nilipe hilo deni, aibu iishe. Naomba unishauri. Nimkatie hela? Hilo deni nilipe? Na kozi, ahame au abaki? Maana hata kazi zenyewe tunasikia hazipo.

Mama wa Mwaloni, Mwanza

*

Dada yangu, pole sana. Nianze na la haraka kabla hujakaa kwenye kikao kijacho cha kikoba: usikope kulipa deni hilo. Watu hao wanaishi kwa aibu za wenzao. Wanajua mzazi atahangaika popote ili mchungaji asipate meseji ya pili. Ukilipa leo kwa woga, kijana anabaki na programu zile zile kwenye simu, na wenye programu wamejua kwamba nyuma yake yupo mama anayelipa.

Wewe si mdhamini. Mdhamini ni mtu aliyeulizwa akakubali. Namba yako ilichukuliwa kwenye majina yaliyomo kwenye simu ya mwanao, siku alipoiruhusu programu isome simu yake ili apate hela upesi. Mikopo hii ya kausha damu imeumiza watu wengi, hadi Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuzipiga marufuku. Mkopeshaji wa mtandaoni anatakiwa awe na leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na hana ruhusa ya kudai kwa kuwatisha ndugu na marafiki wa aliyekopa. Kuchezea namba na picha za watu kunagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko ya aina hii.

Kwa hiyo kijana apige picha za skrini za kila mkopo, zioneshe kiasi kilichoingia mkononi, tarehe, na alichokwisha kurudisha. Hapo ndipo wengi hushtuka, maana mtu anadaiwa elfu themanini kumbe iliyomfikia ni elfu hamsini na kitu. Kisha aangalie kila mkopeshaji kama ana leseni ya Benki Kuu. Asiye na leseni aripotiwe huko, na vitisho vipelekwe polisi. Tawi la Benki Kuu lipo hapo hapo Mwanza, hata wewe unaweza kwenda kuuliza. Mwenye leseni aombwe kupokea kwa mafungu, na mafungu hayo yatoke kwenye bumu la kijana mwenyewe. Akishahifadhi ushahidi wote, azitoe programu hizo kwenye simu. Wewe na wifi yako msijibu meseji. Mchungaji mpigie, mweleze kwa maneno machache, uweze kwenda ibadani Jumapili bila kukwepa macho ya mtu.

Sasa hela ya matumizi. Shemeji yako anataka mkate kabisa, na aliyetoa ng'ombe wawili namwelewa akikasirika. Lakini kijana mwenye deni, mwenye sapu, akikatiwa hela ghafla akiwa Dodoma, hapandi basi kuja kuomba radhi. Anatafuta programu ya nne. Ninachotaka ukome nacho ni huu utaratibu wa "mama hali mbaya" asubuhi na laki moja kuingia jioni.

Inafaa wewe na baba yake mjue bumu linavyokwenda, maana mmekuwa mkitegemea anachowaambia yeye. Tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023 Bodi ya Mikopo iliongeza hela ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Aliyepangiwa kipengele hicho chote, fungu la siku sitini ni laki sita, na linaingia kwa mkupuo. Kijana wa umri wake hajawahi kushika laki sita zilizo zake. Wiki ya kwanza ni chipsi kuku na kuwalipa wenzake waliomlisha bumu lilipokata, kuna kodi ya geto, kuna simu iliyopasuka kioo. Ikifika wiki ya tano, mfukoni hamna kitu na fungu linalofuata halijulikani litatoka lini. Simtetei kwa kukudanganya, amekukosea sana. Nasema tu kwamba wanafunzi wengi wenye adabu zao wamenaswa hapo hapo, katikati ya bumu na bumu, na kwa wengine imeongezeka mikeka ya kubeti. Hilo la kubeti muulize.

Wewe, dada, una elimu ya jambo hili ambayo darasani hapewi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala, na bado watoto wako wanakula, kwa sababu hela ya giza unaigawa mpaka ivuke mbalamwezi. Bumu la mwanao liko hivyo hivyo, msimu wa hela na msimu wa ukame, ila hakuna aliyekaa naye akamwonesha namna ya kuligawa.

Na hapa nasisitiza kuliko pengine popote. Wazazi wengi tunawaficha watoto hali ya nyumbani ili wasome kwa amani. Mwanao anadhani Mwaloni hela haikatiki. Hajui kwamba ile laki na nusu ilitoka kwenye mtaji, wala hajui umepunguza magunia mangapi tangu aende chuo. Yeye kakuficha bumu na sapu, nawe umemficha mtaji unavyoliwa. Kila mmoja anamkinga mwenzake, na nyumba inazidi kuzama. Fungueni daftari. Baba yake akiwepo, mwambieni kijana gunia unanunua shilingi ngapi, ushuru ni kiasi gani, usafiri, wasaidizi, mahitaji ya wadogo zake, na kinachobaki mwisho wa mwezi. Usimpambie na usimtishe, msomee tu kilichoandikwa.

Naye afungue vyake. Kwenye akaunti yake ya SIPA ya Bodi ya Mikopo kunaonekana alichopangiwa kwa kila kipengele, na kwenye mfumo wa chuo kuna matokeo yake yote. Aingie yeye mwenyewe, nyie mkiangalia. Usipande basi kwenda kudai matokeo chuoni. Chuo kinamhesabu kuwa mtu mzima, na mzazi akipata taarifa kwa mlango wa nyuma, kijana atakuwa mjuzi zaidi wa kuficha.

Mkishaoneshana, pangeni kiasi kimoja, kidogo, cha tarehe moja, ambacho hata mwezi wa mbalamwezi mnakimudu. Iwe elfu arobaini, iwe elfu hamsini, nyie ndio mnaojua. Ikifika tarehe inatumwa bila kuombwa, na katikati haitumwi nyingine isipokuwa ugonjwa. Ada msiipitishe mkononi mwake: awatumie kontroo namba ya chuo, mlipe wenyewe, risiti ibaki kwenu. Na kwa kuwa mkopo haukuwa wa asilimia mia, akae macho dirisha la rufaa la Bodi likifunguliwa. Kama kuna vielelezo vya hali ya nyumbani ambavyo hakuviweka mwanzoni, aviwasilishe.

Kuhusu sapu, hukuniambia kama alizifaulu. Hilo ndilo la kumuuliza mapema. Sapu mbili hazimfanyi mtu adisko, yaani aondolewe chuoni, lakini kama alikeri masomo hayo, yaani aliyabeba bila kuyafaulu, yanamsubiri juu ya mzigo wa mwaka huu. Mkiona GPA yake, yaani wastani wa alama zake, mtajua alipo: 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu kwa kawaida, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu. Mkiwa na namba mbele yenu, ule ugomvi wa "unasoma au husomi" unapungua. Katika mazungumzo hayo hayo muulize waziwazi kama analala, kama anakula, na kama kuna siku amewaza kujidhuru. Usiogope kutamka. Kijana aliyetishiwa picha yake kusambazwa kwa ndugu na mchungaji amebeba mzigo mzito, na vyuo vina ofisi ya mlezi wa wanafunzi yenye washauri wanaosikiliza mambo haya bila kumwandikia kosa. Akisema ndiyo, aende siku hiyo hiyo, na mmoja wenu amfuate Dodoma.

Kozi. Mwaka wa pili kuhama ni kugumu. Uhamisho hufanyika zaidi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kozi anayoitaka itaangalia alama zake za kidato cha sita, na mkopo wake ulipangwa kwa kozi aliyopo na miaka yake. Akianza upya, mwaka utakaozidi unaweza kuwaangukia nyie. Asijaze fomu yoyote kabla ya kupata majibu ya maandishi kutoka ofisi ya udahili na dawati la mikopo la chuo chake. Ukiniuliza mimi, amalize uhasibu na kompyuta ajifunze pembeni, kwa sababu mhasibu anayejua mifumo ya hesabu ya kompyuta ana mahali pa kushika pande zote mbili. Lakini uamuzi awe nao yeye. Wa kwanza aliufanyiwa, na sehemu ya haya tunayoyaona imetokea huko.

Umesema kazi hazipo. Za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na foleni ni ndefu kweli, usimwahidi mtoto kwamba akimaliza atapangiwa. Uhasibu una njia yake nyingine, mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, mpaka mtu apate CPA, cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa. Inadai muda na hela baada ya shahada, na ni vizuri familia ijue leo kuliko kushtukizwa siku ya mahafali.

Ila kabla ya yote hayo ipo fildi, na hapo nadhani unajidharau. Unaamini konekisheni ni mpaka ndugu awe mkurugenzi. Hebu fikiria watu unaofanya nao kazi: wenye maghala ya dagaa, wasafirishaji wanaopakia mizigo ya Kongo, SACCOS ya wafanyabiashara, wasambazaji wa viwanda vya minofu ya sangara. Wote hao wana mtu anayeandika vitabu vya hesabu, na wewe wanakujua kwa jina na kwa uaminifu wako. Omba nafasi ya fildi tu, usiombe ajira. Likizo ijayo aifanye Mwanza. Atalala kwenu na kula ugali wenu, na hela ya mafunzo kwa vitendo, kama Bodi ilimpangia, isaidie kumaliza deni la wale wakopeshaji wenye leseni. Barua ya chuo aiombe mapema, maana wengi huanza kuzunguka na barua likizo ikiwa imefika na kukuta nafasi zimejaa.

Jioni akitoka fildi, mkalishe na daftari lako. Alianguka hesabu za gharama. Basi akupigie hesabu ya gunia moja la dagaa kuanzia linaponunuliwa mpaka linapopakiwa. Aweke bei ya kununulia, wanaoanika na kugeuza, mfuko, ushuru, kibarua wa kubeba, na wale dagaa wanaonyeshewa kabla hawajakauka wakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Atafute wewe faida yako ni shilingi ngapi kwa gunia. Nina hakika hata wewe utapata jambo hapo, na yeye siku ya usaili atakuwa na kitu cha kueleza alichokifanya kwa mkono wake.

Shemeji yako ongeeni naye kwa heshima, na mumeo awepo. Bodaboda ni kazi halali na inalisha nyumba nyingi Mwanza, lakini mwambieni kwamba kijana akiacha chuo leo, mkopo wa Bodi alioupokea hadi sasa utaendelea kudaiwa. Mwambieni pia yatakayokuja: akiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wake kulipa Bodi. Nafuu ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo imefutwa. Rais Samia aliitangaza Mei Mosi ya 2021 hapo hapo uwanja wa CCM Kirumba, si mbali na meza yako. Ukoo usihesabu mshahara wa kwanza kwamba utarudisha ng'ombe, utajenga kwa bibi na utasomesha wadogo. Kama ng'ombe wale ni deni, liandikwe kiasi na lini aanze kulipa. Kama ni msaada, lisemwe hilo kikaoni, na kijana asitajiwe ng'ombe kila anapokosea.

Mumeo ananipa wasiwasi kuliko shemeji. Baba akinyamaza hivi, mtoto anaamini amefutwa. Mwombe ndiye apige simu inayofuata, jioni moja akiwa hana injini mikononi. Hahitaji hotuba. Amwambie amesikia yote, amekasirika, na chuo anaendelea. Habari za daftari na tarehe ya kutuma hela wewe mpigie kesho yake.